Waliondoka na Kazi Mkononi: Kongamano la Wanawake Weusi, London, 1979 hadi 1982

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa akina mama wa Afrika Mashariki waishio London. Imepunguzwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu na wadogo zangu, hamjambo. Na akina baba wawili watatu ninaowaona kule nyuma wakihangaika na chai na sambusa, asanteni, endeleeni hivyohivyo.

Kamati imeniomba nizungumzie uwezeshaji wa mwanamke mweusi. Makongamano ya uwezeshaji tunayajua. Ukumbi wa hoteli, sare ya kitenge, mfuko wenye kalamu na daftari, na mgeni rasmi anayetuambia tujiamini. Tunapiga makofi, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Sisemi ni vibaya. Mwanamke aliyekesha zamu ya usiku akiwageuza wazee wa watu kitandani ana haki ya kukaa kwenye kiti chenye kitambaa akaletewa juisi. Ila leo nataka niwape habari za kongamano jingine la kila mwaka, la wanawake weusi, lililofanyika katika jiji hilihili kabla wengi wenu hamjazaliwa. Lile halikumwambia mtu ajiamini. Lilimuuliza umefanyiwa nini, na nani, na sasa tunamfuata wapi.

Nianze mbali kidogo. Oktoba 1945, mjini Manchester, ulifanyika Mkutano wa Tano wa Umajumui wa Afrika. Huo tumefundishwa shuleni. Nkrumah alikuwepo, Jomo Kenyatta alikuwepo, na Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, alivuka bahari kuja, mzee wa miaka 77. Ambalo mimi sikufundishwa ni kwamba kikao cha ufunguzi kiliongozwa na mwanamke, Amy Ashwood Garvey, na kwamba katika waliotoa mada wanawake walikuwa wawili tu, yeye na Alma La Badie wa Jamaika. Mama Garvey aliposimama kusema alilalamika kwamba mengi yamesemwa na kuandikwa kuhusu mtu mweusi, lakini kuhusu mwanamke mweusi ni machache mno. Walimsikiliza, maneno yake yakaandikwa kwenye kumbukumbu, ajenda ikaendelea.

Miaka 25 ikapita. Mwaka 1970, pale Ruskin College, Oxford, wanawake wa Uingereza wakafanya kongamano lao la kwanza la kitaifa la ukombozi wa mwanamke. Walikuja mamia. Weusi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, mmoja wao Gerlin Bean, aliyetoka Jamaika akiwa na miaka 19 kuja kusomea uuguzi. Alisikiliza, na baadaye amesimulia kwamba hakuona chake pale. Unamwelewa ukisikia walichokuwa wakidai wenzake. Walidai uzazi wa mpango bure, wakati mwanamke mweusi alikuwa akichomwa sindano ya kuzuia mimba bila kuelezwa ni ya nini. Walitaka mwanamke atoke jikoni aende kazini, na mama wa Kijamaika alikuwa kazini tangu aliposhuka melini: anafua mashuka ya hospitali, anaendesha cherehani kiwandani, na mtoto kamwacha kwa bibi Kingston. Hii ya mtoto kuachwa kwa bibi naona wengine mnainamisha macho. Tutaifikia.

Kwa hiyo kwa wanaume weusi mwanamke mweusi alikuwa mpishi wa harakati, na kwa wanawake weupe alikuwa mgeni. Mwaka 1973, wanawake kadhaa waliokuwa kwenye Black Panther, vuguvugu la kupigania haki za weusi la hapa London, wakaunda kikundi chao mtaa wa Brixton, kusini mwa jiji. Bean alikuwemo. Alikuwemo pia Olive Morris, na huyu naomba mumkumbuke kwa jina. Aliletwa Uingereza kutoka Jamaika akiwa na miaka tisa. Akiwa na miaka 17, aliona polisi wa Brixton wakimkamata Mnigeria aliyeegesha gari zuri, kumbe ni mwanadiplomasia. Olive akaingilia, akapigwa na kutiwa ndani. Baadaye yeye na mwenzake Liz Obi walivamia nyumba tupu namba 121 ya Railton Road, wakagoma kutoka, na nyumba ile ikawa duka la vitabu na mahali pa kukutania. Mfupi, mwembamba, na hakuogopa askari.

Februari 1978 ndipo ulipozaliwa umoja ulioandaa kongamano lile ninalowasimulia. Kiini chake kilikuwa ni wanawake wa umoja wa wanafunzi wa Kiafrika na wenzao waliokuwa karibu na vyama vya ukombozi. Zimbabwe ilikuwa bado vitani. Kwa tuliokulia Dar, mji uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, lugha yao ingekuwa lugha ya nyumbani: ubeberu, mapambano, mshikamano. Mwanzoni umoja ulikuwa wa wanawake wa Afrika na wa asili ya Afrika, basi. Lakini wa Brixton wakasema mapambano ya Zimbabwe tunayaunga mkono, na hapa mtaani kwetu je? Mtoto wangu amefukuzwa shule. Kaka yangu amekamatwa kituo cha basi. Mjadala haukuchukua muda mrefu wakakaribishwa na wanawake wa asili ya Asia, na jina likabadilishwa ukawa Umoja wa Wanawake wa Asili ya Afrika na Asia, uliojulikana kwa herufi zake, OWAAD.

Hapa nataka nikae kidogo, maana hapa ndipo habari hii inapoingia nyumbani kwetu.

Sisi tuliotoka Dar, Mombasa, Kampala, Zanzibar, tunajua hali ilivyokuwa kati ya Mwafrika na Mhindi. Mama wa Kihindi yuko nyuma ya kaunta, mama yangu yuko mbele yake anahesabu sarafu za nusu kilo ya sukari. Wameishi mtaa mmoja miaka nenda rudi na hawajawahi kula sahani moja. Ukimwambia mama yangu kwamba yule naye ni mwanamke mweusi, kama walivyojiita wote katika umoja ule, angekuuliza kama umepigwa na jua. Basi njoo Uingereza. Mwaka 1968, Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza walipoanza kuja kwa wingi, Bunge la hapa lilipitisha sheria ya kuwafungia mlango kwa siku chache tu. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza wa Uganda kwa kuwapa siku 90, kiasi cha 27,000 waliingia hapa. Wale waliobaki Afrika Mashariki wakawekewa utaratibu wa vocha, na vocha ilitolewa kwa mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya ni mwanamume. Mwanamke aliyeolewa, hata kama pasipoti ya Kiingereza ni ya kwake na mumewe hana, hakuhesabiwa, ila kama mume ni mlemavu. Mama wa nyuma ya kaunta akagundua kwamba mbele ya afisa uhamiaji yeye na mama yangu wako foleni moja.

Kuna mmoja wao aliyelisema hili kwa vitendo. Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat, aliolewa akaishi Tanganyika, kisha akaja London mwishoni mwa miaka ya 60. Akapata kazi Grunwick, kiwanda cha kusafisha picha kule kaskazini-magharibi mwa jiji. Ujira mdogo, ukitaka kwenda msalani unaomba ruhusa, na saa za ziada unaambiwa jioni hiyohiyo ukiwa umeshavaa koti. Agosti 1976 alikataa. Akamwambia meneja kwamba hapa si kiwandani, ni bustani ya wanyama; na katika bustani ya wanyama wapo nyani wanaocheza kwenye ncha za vidole vyako, na wapo simba wanaoweza kukung'oa kichwa, na sisi ndio simba. Mama mwenye sari, mdogo wa umbo kuliko polisi yeyote aliyewekwa getini. Wagomaji wengi walikuwa wanawake wa Kihindi kutoka Afrika Mashariki. Sitashangaa kama pale getini palisikika na Kiswahili. Mgomo ulikaa kwenye magazeti na televisheni karibu miaka miwili, ukaisha Julai 1978 bila ushindi. Ila hakuna aliyeweza tena kusema mwanamke wa Kiasia ni mpole asiyejua kugoma.

Ndio maana Jumapili ya tarehe 18 Machi 1979, pale Abeng Centre, Brixton, katika ukumbi wenye jina la baragumu la pembe la Wamarooni wa Jamaika, yaani watumwa waliotoroka, walikaa pamoja. Wengine wanasema walikuwa 250, wengine 300. Waandaaji walitegemea wachache kuliko hao. Hakukuwa na simu za mkononi wala kundi la WhatsApp; habari zilikwenda kwa taipureta, stensili na stempu. Stella Dadzie, mwalimu, baba yake Mghana na mama yake Mwingereza, alikuwa mmoja wa waliobeba mzigo huo. Gail Lewis pia. Mtu akikuuliza kongamano ni nini, mwambie ni bahasha. Mwanamke aliyeketi usiku baada ya kazi akaandika anwani za vikundi vya miji ambayo hajawahi kufika.

Mada zilizosomwa siku ile zilikuwa za afya, elimu, sheria ya uhamiaji na polisi, na hali ya wanawake kwenye nchi zilizokuwa zikipigania uhuru. Zilichapwa kijitabu ili asiyefika naye asome. Niwape kipande cha afya tu mpate ladha. Sindano ya Depo mnaijua nyote, ya kuzuia mimba kwa miezi mitatu, dada zetu wengi nyumbani wanaitumia kwa hiari yao na imewafaa. Katika Uingereza ya wakati ule ilikuwa haijaruhusiwa kwa matumizi ya muda mrefu. Ruhusa hiyo ilitoka 1984. Hata hivyo wanawake weusi na wa Kiasia walikuwa wakichomwa hospitalini mara tu baada ya kujifungua, wengine pamoja na chanjo ya rubella, bila kuelezwa na bila kuulizwa. Mmoja angeweza kudhani ni bahati mbaya yake. Mkiwa wengi ukumbi mmoja, kutoka miji mbalimbali, na kila mmoja ana hadithi ileile, hiyo si bahati mbaya tena. Ni utaratibu, na utaratibu mnaweza kuuandama. Walitoka pale wakajiunga na kampeni dhidi ya matumizi yale.

Jambo la Heathrow nalisema kwa ufupi kwa sababu linaniudhi. Januari 1979, mwalimu mmoja wa kike kutoka India, miaka 35, alitua Heathrow kuja kuolewa na mchumba wake. Mchumba hakuhitaji viza ya mapema. Mke alihitaji, na foleni yake ilikuwa ndefu. Maafisa wakashuku kwamba huyu tayari ni mke. Wakampeleka kwa daktari apimwe kama ni bikira. Gazeti la Guardian likaanika habari hiyo tarehe 1 Februari, serikali ikasema imesimamisha, ikajaribu kuonyesha ni jambo la nadra. Miaka mingi baadaye watafiti walifungua majalada wakakuta visa visivyopungua 80, vingi vikiwa vimefanyika kwenye ofisi za ubalozi huko India kabla hata mtu hajapanda ndege. Wanawake wa OWAAD na wenzao wa kikundi cha Kiasia cha Awaz walikwenda Heathrow wakakaa chini uwanjani. Mjamaika na Mpunjabi sakafu moja, kwa ajili ya mwanamke ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona. Kwa maoni yangu kitendo kile kina uzito kuliko maazimio yote waliyowahi kuandika.

Na sheria ya Sus. Hii ilitokana na sheria ya uzururaji ya mwaka 1824, iliyompa polisi uwezo wa kumkamata mtu kwa kumshuku tu, na mashahidi wawili waliotosha walikuwa polisi wawili haohao. Vijana weusi walikuwa wakibebwa vituo vya basi. Waliosimama mbele kuipinga walikuwa mama zao, hasa wa kusini mwa London, na OWAAD ikaingia nao. Ilifutwa 1981.

Julai 1979, miezi minne baada ya kongamano la kwanza, Olive Morris alifariki kwa saratani. Alikuwa na miaka 27.

Makongamano mengine yakafuata, 1980, 1981 na 1982. Jarida lao, FOWAAD, lilipeleka habari toka mji hadi mji, na vikundi vikaota kama uyoga. Mwaka 1981 ulikuwa mzito mno. Januari, moto wa New Cross uliua vijana 13 kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa. Machi, watu wapatao 20,000 wakaandamana. Aprili, Brixton ikawaka ghasia. Wanawake waliokuwa uti wa mgongo wa kongamano walikuwa haohao wanaotafuta mawakili wa vijana waliokamatwa, wanaopika, wanaolea, na asubuhi wanaingia kazini.

Humo ndimo nyufa zilipofunguka. Mimi sipendi hadithi za harakati zinazoruka ugomvi, kwa hiyo niseme wazi. Wanawake wa Kiasia walilalamika kwamba mambo yao huletwa mwisho wa ajenda. Wengine wa asili ya Afrika walisema utamaduni wetu na wao si mmoja, tusijidanganye. Mwaka 1981, wanawake wanaopenda wanawake walipoomba kikao chao ndani ya kongamano, ukumbi ulilipuka. Waliokuwa wakidai wasikilizwe na ulimwengu mzima walishindwa kuwasikiliza wenzao waliokaa nao kiti kwa kiti. Najua humu ndani pia hatuna kauli moja juu ya hilo. Kongamano la 1982 lilijadili ufeministi wa wanawake weusi, na likawa la mwisho. Umoja ukafifia.

Waandishi wengi wakifika hapo huandika kwamba ulishindwa. Mimi sikubaliani nao. Umoja ule haukuwa na ofisi yenye kibao wala mkurugenzi wala mfadhili. Ulikuwa ni mahali pa kukutana pa vikundi vyenye kazi zao, na vikundi havikufa pamoja nao. Southall Black Sisters, kilichoanzishwa mwaka uleule wa 1979 na wanawake wa Kiasia na wa Karibiani, mpaka leo kinawatoa wanawake kwenye nyumba za vipigo, na sheria kadhaa za nchi hii zimebadilishwa kwa kesi walizozishikilia. Gerlin Bean alikwenda kufanya kazi Zimbabwe huru. Dadzie na wenzake Beverley Bryan na Suzanne Scafe waliandika kitabu kuhusu maisha ya wanawake weusi nchini humu, kikatoka 1985, kikachapishwa upya 2018. Na karatasi zenyewe, yale majarida, barua na mihtasari ya vikao, Dadzie alizikabidhi Black Cultural Archives, hifadhi ya nyaraka za weusi, pale Windrush Square, Brixton. Unaweka miadi, unaingia, unaletewa boksi mezani. Nimewahi kuishika karatasi moja ya stensili ambayo wino umekwenda kombo, na pembeni mtu ameongeza kwa kalamu maelezo ya basi la kupanda. Pembeni ya karatasi ile ndipo nilipoona harakati kwa macho yangu.

Sasa ile ya watoto.

Tarehe 11 Machi 2024 serikali ya Uingereza iliwazuia wafanyakazi wa ulezi wanaoingia kwa viza ya kazi wasije na watoto wala wenzi wao. Julai 2025 mlango wa kuajiri walezi kutoka nje ukafungwa kabisa. Humu ukumbini wapo mama waliokuja katikati ya tarehe hizo mbili, wanawaosha wazee wa nchi hii, na watoto wao wanalelewa Tanga, Kisumu, Mbale, kwa simu ya video. Wapo waliolipa mawakala mamilioni, wakafika wakakuta kampuni haina kazi, na viza imefungwa kwa mwajiri huyohuyo. Kila mmoja ananipigia simu usiku akidhani ni yeye peke yake.

Kwa hiyo nimekubaliana na mwenyekiti kwamba kipindi cha pili hakitakuwa na mzungumzaji. Baada ya chai kuna meza. Ya dirishani ni ya waliozuiwa kuja na watoto wao. Ya katikati ni ya waliotapeliwa na mawakala au ambao mwajiri amenyang'anywa leseni. Hapo atakaa wakili, ni binti yetu, amejitolea, na mtakachomwambia hakitoki. Ya mlangoni ni ya wauguzi ambao vyeti vyao vya nyumbani havijatambuliwa. Kila meza iandike, jina si lazima, tarehe na kilichofanyika ni lazima. Kompyuta iko pale, na kijana wangu atachapa. Karatasi hizo mbunge wetu atazipata kabla ya mwezi kwisha, na nakala ya pili tutaipeleka Windrush Square ikakae kwenye boksi.

Sambusa za nyama ziko upande wa kulia, za dengu kushoto. Karibuni chai.